Gitaa Lisilokauka

Jumamosi, 28 Januari 1978

Gitaa limekwisha! Kiangazi chote na vuli yote kwenye banda la mjomba Fermín, gundi kwenye nywele, vidole vimechubuka, na leo limekwisha. Nimelifunga nyuzi, nikaketi dirishani, nikapiga wimbo mzima bila kukosea sana. Bibi aliacha unga kwenye beseni akaja kusimama mlangoni. Akasema nirudie. Bibi huyu ambaye hunisemesha tu kuniuliza kama nimewafungia kuku!

Furaha ilidumu mpaka alipokuja binamu Eliseo. Alilizunguka gitaa mara mbili kama anayenunua mbuzi. Akauliza, binamu, hili ni gitaa au sanduku la matufaha? Nikamwambia sauti ndiyo muhimu. Akasema sawa, basi msichana atakayekupenda awe kipofu.

Halafu akatoa habari kana kwamba anatema mbegu. Akina Quintana wanahama. Baba yake Oralia amepata kazi kiwanda cha chuma, Pueblo, kule Colorado. Wanaondoka Jumatano ya Majivu, misa ikiisha tu.

Oralia! Miaka mitatu anakaa dawati la mbele yangu. Nakijua kisogo chake kuliko ninavyoujua uso wangu. Shuleni tunasoma kwa Kiingereza, nyumbani tunasema Kihispania. Nafaulu zote mbili, na sijapata la kumwambia katika hata moja.

Mpango: nimpigie gitaa kwenye dansi ya Kanivali, Jumanne ya mwisho, ukumbi wa parokia. Baada ya hapo ni Kwaresima, na kwa bibi Kwaresima ni kimya mpaka Pasaka. Redio hugeuzwa uso ukutani. Hata mluzi ni dhambi.

Lakini siwezi kusimama mbele ya watu na sanduku la matufaha. Linahitaji kung'aa. Liwe na zile chenga za metali zinazometameta kama kwenye magari ya vijana wakubwa yanayotembea polepole Jumapili, matumbo yakikaribia lami. Watu wote watalitazama gitaa. Hakuna atakayenitazama mimi. Akili!

Jumapili, 29 Januari

Nimemwomba mjomba Fermín chenga. Yeye ndiye fundi wa kupaka magari, ingawa gari lake mwenyewe, Impala anayoiita Mjane, halijatoka bandani tangu nikiwa darasa la nne. Kila akimaliza kuipaka huona kasoro. Akaikwangua. Akaanza upya. Mchumba wake alisubiri, akasubiri, akaolewa na mtu wa mji wa Taos mwenye gari bovu lakini linalotembea.

Mjomba alilishika gitaa langu kama mtoto mchanga. Akasema, mpwa wangu, kazi hii haitaki haraka. Watu wenye haraka ndio wanaoharibu dunia.

Huyu ni mtu mwenye msimamo. Natamani niwe kama yeye.

Sharti lake: nimpigie msasa buti la Mjane, kwa maji, kwa mkono. Maji yalikuwa yanaganda kwenye ndoo. Sizihisi ncha za vidole. Nimekubali kwa ajili ya Oralia, ambaye hajui.

Jumanne, 31 Januari

Nimezitoa nyuzi. Siku nzima gitaa limekaa bubu, limevuliwa, likinitazama kwa lile tundu lake.

Tatizo: rangi gani? Sijui Oralia anapenda rangi ipi. Nimemtuma Eliseo akaulize kijanja bila kunitaja. Alirudi baada ya muda mrefu ajabu, ana makombo ya keki kwenye kola. Nikamuuliza kwa nini amekawia. Akasema mama yake Oralia amemkaribisha kahawa, wakacheka sana, Oralia ana mzaha kuliko unavyodhani, binamu. Mimi nimekaa nyuma yake miaka mitatu sijaonjeshwa hata maji!

Rangi ni buluu. Angalau hilo.

Alhamisi, 2 Februari

Mjomba amenichanganyia chenga za buluu kwenye vanishi ya gari, akanipa pampu ya kupulizia. Nikapuliza. Ee Mungu. Kama nyota zimemwagwa. Mjomba alivua kofia.

Ila ukilipapasa linakwaruza kama kikwaruzo cha jibini. Mjomba anasema ndivyo lilivyo: chenga husimama, lazima uzizike kwa vanishi tupu, mkono juu ya mkono, yaani tabaka juu ya tabaka, upige msasa, upake tena, mpaka pawe laini kama kioo. Mikono mingapi? Akacheka. Akasema hilo ni swali la mtu asiyependa.

Aibu ya leo: chenga zimenifuata nyumbani. Ziko kwenye nyusi, kwenye soksi, kwenye unga wa bibi. Bibi alikunja tortila ya kwanza, ile chapati yetu, ikametameta. Akafanya ishara ya msalaba. Na leo ni sikukuu ya kubariki mishumaa kanisani! Alikuwa tayari kumwita padri. Ikabidi niungame. Alinipiga na taulo la jikoni, kisha akasema chakula hakitupwi. Eliseo alikula nne, na maharage na pilipili nyekundu, akasema kesho choo chake kitakuwa cha kifalme.

Jumamosi, 4 Februari

Vanishi haikauki. Baridi kali, bandani pumzi inaonekana. Nimepata wazo: jiko la kuni la bibi. Nililiweka gitaa karibu, nikageuka kidogo tu kutafuta kitambaa. Mapovu! Ubao wa mbele mzima umeumuka kama uji wa mahindi unaochemka. Nimekwangua yote. Nimeanza tena. Mjomba alifurahi sana. Alinipiga begani akasema, sasa ndiyo umeingia kwenye kazi.

Nilikuwa karibu kulia, kisha Eliseo akasema, akitafuna, kwamba Oralia aliuliza kama nitakuwapo kwenye dansi. Aliniulizia mimi. Kwa jina. Abenicio. Nilimwambia Eliseo arudie alivyolitamka. Akalitamka kama mbuzi anayepiga chafya. Nikamwomba arudie vizuri. Akakataa.

Alinitaja!

Jumatatu, 6 Februari

Mkono wa mwisho jana. Nyuzi leo, ndivyo nilivyopanga. Asubuhi nikakuta unywele mmoja umelala ndani ya vanishi, chini tu ya daraja la nyuzi. Wa masharubu ya mjomba. Eliseo anasema hakuna mtu atakayeuona isipokuwa mbu. Mimi nauona. Nikifumba macho nauona.

Eliseo alinisihi. Kweli, alinisihi, jambo lisilo la kawaida. Alisema, we Beni, funga nyuzi, nenda hivyo hivyo, msichana anaondoka. Kisha akaligonga gitaa kwa kidole. Tup. Akasema, umesikia? Limeziba. Zamani lilikuwa linaitika, sasa ni kama kugonga boga.

Wivu. Gitaa lake la dukani lina nyuzi nne na kibandiko cha bata.

Nimeukwangua ule unywele. Nimepaka mkono mwingine mmoja. Kesho jioni litakuwa limekauka.

Jumanne, 7 Februari

Halikukauka.

Nilikwenda ukumbini mikono mitupu. Nikajibanza karibu na meza ya keki, nafasi yangu ya kawaida. Eliseo alipiga gitaa lake la nyuzi nne, vibaya, kwa kelele, na watu wote wakacheza. Wote! Bibi yangu alicheza na mzee wa kanisa. Oralia alivaa sweta ya manjano. Alicheza na baba yake, na binamu zake, na mtoto mdogo aliyesimama juu ya viatu vyake.

Kisha akaja. Kwangu. Akachukua keki ambayo hakuila. Akauliza, gitaa lako liko wapi?

Nilikuwa na miaka mitatu ya maneno. Nikamweleza kuhusu unyevu. Nikamweleza kwamba vanishi ikipakwa kwenye baridi huwa na ukungu. Nadhani nilimweleza pia habari za msasa. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hata bibi hawezi.

Akasema siku ile ya Jumamosi alikuwa anapita barabarani, akanisikia dirishani. Alisimama pale karibu na sanduku letu la barua mpaka nikamaliza. Akasema, wewe Abenicio, kumbe una mengi ya kusema.

Nikampa keki nyingine.

Akasema kesho watapita kwetu njiani. Angalau alione.

Jumatano ya Majivu, 8 Februari

Walipita. Lori lilijaa magodoro, viti miguu juu, mashine ya kushonea imefungwa kwa blanketi. Baba yake hakuzima injini. Oralia aliruka chini, majivu kwenye paji la uso, sweta ile ile ya manjano.

Nilifunua shuka. Jua liliingia bandani na gitaa likawaka. Oralia akainama, akauona uso wake mle ndani, kati ya nyota. Mjomba alijifanya anatafuta bisibisi.

Akasema, nipigie kidogo.

Nyuzi zilikuwa mfukoni mwangu. Mfukoni! Na bibi amesimama kizingitini na majivu yake, Kwaresima imeshaanza. Nikasema halijakauka. Akasema, basi nilisikie tu kwa mkono. Akaweka vidole vyake pale mbele, polepole, kama mtu anavyogusa shavu la farasi.

Vilizama.

Alipoviondoa kulikuwa na alama nne. Alishika mdomo. Akasema, Mungu wangu, nimekuharibia, nimekuharibia kazi yako yote! Nilitaka kusema hujaharibu kitu, baki, haribu gitaa lote, haribu na banda. Nikasema, hapo ndipo palipokuwa pabichi zaidi.

Honi. Akarudi mbio. Akasema kitu kutoka dirishani lakini injini ilikimeza. Lori lilipinda kwenye mto na magodoro yakaonekana kwa muda mrefu kuliko yeye.

Bibi aliniwekea uji wa mahindi ya buluu, na sukari, ingawa ni siku ya kufunga.

Jumapili, 12 Februari

Vanishi imekauka. Ngumu kama kioo, hatimaye. Alama ziko vile vile. Nne. Ukitazama kwa ubavu unaona hata mistari ya ngozi yake. Siku tatu sijafanya kitu isipokuwa kwenda bandani kuziangalia. Niliweka vidole vyangu humo. Vinaingia, isipokuwa cha mwisho, chake ni kidogo zaidi. Nilikaa hivyo mpaka miguu ikafa ganzi.

Leo baada ya misa Eliseo kaleta habari. Oralia atarudi Pasaka, kwa mama yake wa ubatizo, wiki nzima. Wiki nzima! Na Eliseo akasema Oralia alimwambia mama huyo kwamba ana aibu, hajui ataniangaliaje usoni baada ya alivyoliharibu gitaa.

Maskini. Ana aibu kwa ajili yangu! Hilo haliwezekani. Nilikimbia bandani.

Nimeshinda kutwa na msasa. Kwanza mkali, halafu laini, kwa maji. Mjomba aliweka Mjane pembeni akaja kunisaidia kushika taa. Alama ya kidole cha kati ilikuwa imezama sana, ikabidi nikwangue mpaka kwenye chenga, kwa hiyo upande ule utahitaji kupulizwa upya, na ukipuliza upande mmoja lazima upulize wote. Mjomba anasema bora tungoje joto lipande. Nyuzi zitasubiri.

Lakini pamenyooka! Nimepapasa nimefumba macho, hakuna bonde, hakuna kovu, maji yanateleza yote. Akija Pasaka hataona hata dalili kwamba aliwahi kuligusa.