Michembe Kurasa Nne

Jumatatu, 2 Juni 2025
Dk. Lukresia kaleta kazi mpya ya somo la uhifadhi wa chakula. Kila mwanafunzi aende kwa mzee mmoja, ajifunze kwa mikono yake namna ya kuhifadhi chakula kimoja, aandike kurasa nne. Alama ishirini. Mimi nina saba mpaka sasa. Nisipofikisha kumi na sita sifanyi mtihani wa mwisho, na hapo nimedisko, narudi nyumbani na begi langu. Mama ameshawatangazia kanisani kwamba Maduhu wake anamaliza mwaka huu.

Akasema akili mnemba kwake si haramu, ila atakayeitumia aseme kaitumia wapi, na asimsingizie mzee wa watu maneno ambayo hakuyasema. Namheshimu sana mama huyu. Anafundisha mpaka sisi wa viti vya nyuma tunasikia. Debora, kiongozi wetu wa darasa, kaondoka leo leo kwenda Lingeka kwa babu yake. Wiki nzima kwenye vumbi! Mimi bibi yangu yuko Ngulyati, pua na mdomo na chuo hapa Bariadi, na bado siendi. Simu ninayo.

Jumanne, 3 Juni
Dakika tatu tu. Sijawahi kuona kitu chenye adabu namna ile. Nimeiambia akili mnemba iandike kurasa nne, jinsi bibi yangu Ng'washi anavyotengeneza michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, tena kwa hisia. Ikanishukuru kwa ombi zuri. Hakuna mhadhiri aliyewahi kunishukuru. Ukurasa wa kwanza Bibi anaamka alfajiri, anatazama mashariki, anawakumbuka wahenga. Machozi yakanilenga. Bibi halisi akiamka hutafuta ugoro.

Kurasa tatu zilizobaki sijasoma. Ukurasa mmoja unatosha kujua kama mtu anajua kuandika. Nimekosea maneno sita kwa makusudi ili ionekane ni kazi yangu.

Jumatatu, 9 Juni
Nimekuwa wa kwanza kuwasilisha. Debora karudi vidole vimechubuka, ananuka moshi, kaniambia ujanja wa nyani huishia jangwani. Nikamwacha apumzike.

Kisha Dk. Lukresia akatoa kofia yenye vikaratasi vya majina yetu. Atawatembelea wazee watatu yeye mwenyewe, awasalimie na kuwashukuru. Kikaratasi cha kwanza: Maduhu, Ngulyati, Jumamosi. Nikapiga makofi pamoja na wenzangu. Moyoni nikasema mwanamke huyu angekuwa upande wangu tungefika mbali. Hakukagua simu ya mtu, hakutisha mtu. Anakwenda kusalimia tu!

Alhamisi, 12 Juni
Ngulyati kwa bodaboda, na mpango mkononi. Bibi atakariri zile kurasa nne. Mbona nyimbo za kanisani anazijua zote? Akataka nimsomee kwa sauti. Ndipo nami nikausoma ukurasa wa pili kwa mara ya kwanza. Kumbe bibi yangu hukuna viazi, huvikanda kwa tui la nazi, kisha huvipanga kwenye oveni. Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Akauliza huo mnazi uko kwa nani hapa Ngulyati, akaombe kivuli.

Mpango wa pili: nikarudi sokoni Bariadi, nikaleta nazi mbili ziwe ushahidi. Bibi akasema yuko tayari kusema lolote nitakalo, ila kichwa chake hakishiki neno kama mikono imekaa bure. Kwa hiyo atakariri huku mimi namenya. Nimemenya madebe mawili. Hajashika hata sentensi moja.

Ijumaa, 13 Juni
Debe la tatu. Vipande vyangu vya jana kavikataa. Vinene, vitaota ukungu ndani. Kanionyesha upya namna ya kushika kisu. Tumevibeba hadi jabalini, maana mwamba hushika joto na mchanga hauingii kwenye chakula. Vikianuliwa kabla havijakauka kabisa, ghala zima linaoza. Akanisimulia mwaka ambao mvua iligoma, na michembe ndiyo iliyomlea mama yangu mpaka mavuno. Sikuwahi kuijua habari hiyo. Nikaanika safu mbili nzima, ndipo nikakumbuka kwamba nimesahau kumkaririsha.

Jumamosi, 14 Juni
Dk. Lukresia kaja asubuhi. Akapiga goti, akamwamkia Bibi kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, akaomba kisu, akakaa kumenya. Baadaye akaniuliza kwa nini jabalini, kwa nini unene ule, na matobolwa yanatofautianaje na michembe. Nikajibu yote bila karatasi: matobolwa huchemshwa kwanza, michembe hukatwa mibichi. Sauti yangu mwenyewe ilinishangaza. Bibi naye fahari ikamzidi, akasema mjukuu wake ni mwepesi sana, yote haya kayajua tangu juzi, zile karatasi na nazi alikuja nazo tu kutoka mjini.

Niliogopa kwelikweli. Niliwaza begi langu, nikamwaza mama pale kanisani.

Dk. Lukresia hakufoka. Akasema ile kazi ni sifuri, na kwamba bibi yangu yu hai lakini nimeenda kumtunga bibi mwingine. Hilo liliniuma. Kisha akanipa kalamu nyekundu. Nikae kwenye kigoda, niupigie mstari kila uongo uliomo, halafu niandike upya kwa mkono yale niliyomweleza, wao wawili wakinitazama. Nikapiga mistari ishirini na tisa. Nilipowasomea, Bibi akaongeza miwili. Ualimu wa namna hii sijapata kuuona.

Alhamisi, 19 Juni
Kumi na nne kwa ile ya mkono! Jumla ishirini na moja, mtihani nafanya. Debora kapata kumi na tisa.

Nimetafakari sana. Nilianza na simu, nikaishia kujua michembe kuliko darasa zima. Kwa hiyo simu inafundisha. Wanaobisha hawajui kuitumia.

Kazi ya pili imetoka leo: dagaa wanavyoanikwa ufukweni. Debora keshapanda basi la Lamadi. Mimi ziwani sijawahi kufika, ila simu imeshaandika, na safari hii nimekuwa makini, nimesoma mpaka ukurasa wa pili. Mzee wangu anangoja saa sita mchana maji ya ziwa yapwe, yarudi nyuma maili nzima, ndipo anaanika dagaa kwenye mchanga wenye chumvi, kama baharini vile. Nzuri mno. Dk. Lukresia ataifurahia kuliko mtu yeyote, maana katuambia darasani kwamba yeye ni binti wa mvuvi, kazaliwa Lamadi.