Baiti Tatu za Kang Engkus

Jumatatu, 14 Julai
Pak Sasmita, bosi wetu, ametangaza: Ijumaa anachagua msimamizi wa kiini cha mfumo wa ruta zetu, vile vifaa vya kugawa intaneti. Lazima niwe mimi! Si Teh Rengganis, dada wa kazini anayepita mezani kwangu akinusa kana kwamba kuna kitu kinaungua.

Na leo nimegundua hazina. Kwenye muundo wa msimbo unaobeba taarifa za kila pakiti ya data, baada ya alama ya baiti moja, kuna baiti tatu tupu. Kazi yake ni kujaza pengo tu, ili jirani mkubwa anayefuata akae sawasawa. Muundo wote ni baiti sitini na nne, kiasi ambacho prosesa huchota kwa mkupuo mmoja. Nikizitumia hizo tatu, hakuna kinachoongezeka. Akili hiyo!

Jumanne, 15 Julai
Balaa. Rengganis naye ameziona! Nimemsikia kwenye foleni ya batagor, vile vitafunio vya samaki vya kukaanga, akimwambia Pak ana kihesabu cha makosa cha kuweka humo. Nikarudi mbio, mchuzi wa karanga shatini, nikaweka kitu changu kwanza. Nimekiita "akiba ya Engkus". Matumizi: bado.

Rengganis akaniuliza mbele ya watu, Kang, kaka yangu, hiyo akiba ni ya harusi? Ofisi nzima ikacheka. Nimechukia mno.

Jumatano, 16 Julai
Pak kaamuru nizirudishe baiti zile tatu. Nimezirudisha. Ila ile alama ndogo nimeihamishia katikati ya vigogo wawili, taarifa za baiti nane nane. Pengo alilolipigia hesabu Rengganis halipo tena pale! Leo nitalala usingizi mtamu.

Alhamisi, 17 Julai
Ruta imezimika mbele ya mteja. Kumbukumbu yake imejaa pomoni. Nikasema ni joto la Bandung. Nje mvua inanyesha.

Rengganis akafungua msimbo, akaguna. Akasema, Kang wangu, vigogo hawa hawakai nusu kiti. Ukimchomeka mtoto katikati yao, unajaziwa baiti saba tupu. Muundo umefika sabini na mbili. Zidisha kwa pakiti laki kadhaa. Prosesa nayo inachota mara mbili. Pak hakunifokea. Alimkabidhi Rengganis kazi ya kurekebisha, na hiyo iliniuma zaidi.

Ijumaa, 18 Julai
Kachaguliwa Rengganis. Nimeumia, siwezi kuficha. Kapanga kila kitu upya, wakubwa mbele, wadogo nyuma, na lile pengo la baiti tatu likarudi. Halafu akanionea huruma: kihesabu chake kinatosha kwenye baiti mbili, ya tatu akanipa mimi. Akasema, chukua hii, Kang, utulie. Machozi yalinilengalenga. Nikaapa sitagusa tena mpangilio wa mtu.

Nimekaa nikafikiri. Baiti moja ina biti nane. Mimi nahitaji moja tu. Saba zinakaa bure! Nimeanza kuwagawia wenzangu, na kila anayepata ananipigia debe nimng'oe Rengganis. Hadi jioni nimeshawaahidi watu kumi.

Watabanana tu.