Karamu ya Kuhitimu Kijapani

Ijumaa, 2 Machi 1917

Lo, lo, lo! Mjapani anakuja Malindi! Tajiri wa nguo wa kutoka Kobe, sasa hivi yuko Mombasa, na atashuka hapa kwa meli Jumatatu ya tarehe kumi na mbili. Tangu vita vianze nguo za Ulaya hazionekani, watu wamebaki na viraka. Yeye analeta marobota. Na anataka mkalimani wa kudumu. Mkalimani! Koti jeusi, mwavuli, na kiti cha ofisini!

Barua imemfikia mwalimu wetu Manilal. Ni mwenye duka, aliuza nguo huko Kobe miaka tisa, na kila alasiri anatufundisha Kijapani sisi wanafunzi wawili, nyuma ya duka lake. Amesema yeye ni mnunuzi, na mnunuzi hawezi kuwa ulimi wa muuzaji. Kwa hiyo atamtoa mwanafunzi. Lakini awe wa daraja la pili, amesema, si mtu wa Kitabu cha Kwanza.

Daraja la pili halina mtu! Kitabu cha Kwanza kina kurasa arobaini. Mimi niko ukurasa wa kumi na moja, na huu ni mwezi wa saba wa kusoma. Kahonzi wa Ganda, mkulima wa mahindi, anayekuja kwa miguu na vumbi mpaka magotini, yuko wa thelathini na sita. Anauliza maswali hata aibu. Mimi siulizi kitu. Mtu mwenye akili haulizi.

Kazi hii lazima niipate. Nilipomposa Mwanamize nilimwambia baba yake, Mzee Shee wa Mambrui, kwamba mimi ni mkalimani. Hakuuliza wa lugha gani, nami sikutaja. Mwaka wa tatu huu nakaa barazani kuwaandikia watu barua, na kila Mzee Shee akija mjini namwambia leo ofisi imefungwa. Sasa ameleta salamu kwamba anakuja siku hiyo hiyo ya meli, na bila shaka anataka anione kazini kwa macho yake. Asiponiona, ataondoka na binti yake. Naogopa kweli kweli.

Jumapili, 4 Machi

Nimepata dawa! Tulipokuwa watoto katika chuo cha Kurani, mzito wa kushika aliandikiwa kombe: aya kwa zafarani juu ya sahani, zikaoshwa kwa maji ya marashi, akanywa, elimu ikashuka. Basi nimekwenda dukani kwa Manilal, kuna sanduku la viberiti vya Kijapani pale mlangoni, nikanakili herufi zote za ubavuni. Nimeziandika kwa zafarani. Nimeosha. Nimekunywa sahani tatu!

Mwanamize amekuta kikebe cha zafarani kitupu. Amesema kombe ni la Kurani, si la sanduku la viberiti, na kwamba Mungu akinisamehe yeye bado hajanisamehe.

Jumatatu, 5 Machi

Elimu imeshuka, ila haikukaa. Mchana kutwa nimo chooni.

Alasiri nimemwonyesha Manilal nakala yangu. Akasoma kwa sauti: “Mizu ni nurasu na.” Maana yake, kitu hiki kisitiwe maji. Akaniuliza nimekifanyia nini. Nikamwambia nimekitia maji. Mtu huyu alicheka mpaka akashika rafu isimwangukie. Kila mteja aliyeingia alisomewa na kuelezwa. Hata mkewe, Labhuben, ametoka jikoni na unga mikononi aje anitazame.

Wacheke. Nimeyasikia maneno yale mara ishirini, na sasa nayajua hata usingizini. Kombe limefanya kazi!

Alhamisi, 8 Machi

Shauri jipya, na hili halina maradhi. Mtu akihitimu chuo hufanyiwa karamu. Huvishwa kanzu mpya, huzungushwa mitaani kwa kasida na matari, na mwalimu hupelekewa hidaya. Mwalimu akishapokea, basi! Nani amewahi kumrudisha aliyehitimu akamwambia asome tena? Hakuna, tangu Malindi iwe Malindi.

Kwa hiyo kesho nahitimu.

Ukurasa bado ni wa kumi na moja. Huo ni udogo wa kitabu, si wangu.

Imebaki nyama tu. Mwanamize ana beberu. Nimemgusia. Amesema katika nyumba hii kuna wawili wanaokula bila kufanya kazi, na akichinjwa mmoja hatakuwa yule beberu.

Ijumaa, 9 Machi

Siku kubwa! Wali wa nazi, papa mkavu wa kuazima (beberu mzima na ananitazama), halwa sinia mbili. Baada ya sala ya Ijumaa tukatoka. Matari! Vigelegele! Wanawake wananirushia bisi kutoka madirishani, wanauliza nimehitimu nini, wanajibiwa Kijapani, wanazidi kupiga vigelegele.

Manilal ni Baniani, hali kilichopikwa nyumba ya mtu mwingine, hilo nilikwisha kulifikiri. Nilimchukulia nazi tano, mkungu wa ndizi na sukari guru. Kwao hidaya ya furaha hairudishwi mlangoni. Alipokea kwa mikono miwili, Labhuben akanirushia mchele kichwani, ndipo akauliza ni furaha ya nini. Nikamwambia nimehitimu Kitabu cha Kwanza. Akatazama matari, akatazama ndizi. Kisha akasema vyema, mji mzima umeshuhudia, yeye ni nani. Na alikuwa akitabasamu!

Daraja la pili! Peke yangu! Kahonzi alisimama pembeni na daftari lake, akanipa mkono, akanipongeza. Nilimwonea huruma.

Jumamosi, 10 Machi

Msiba. Yule Mhindi anazijua mila zetu kuliko imamu.

Nimefika darasani, nikakuta kiti kimewekwa mbele. Manilal amenikumbusha kwamba aliyehitimu huwa khalifa, yaani huwasomesha walio nyuma yake. Basi nimsomeshe Kahonzi kurasa nne zilizombakia, yeye ana wateja. Akaenda zake dukani.

Kurasa zile sijapata kuziona maishani! Lakini sikubabaika. Nilimwambia Kahonzi kwamba khalifa hodari hasemi, husikiliza. Anieleze yeye kila neno, nami nitatikisa kichwa. Akaeleza. Nikatikisa. Nilipotikisa kwa kusitasita alidhani amekosea, akarudi nyuma, akatafuta, akaeleza tena kwa njia nyingine. Mpaka jua kutua amekimaliza kitabu chote, na amekishika kama jina la mama yake. Akanishukuru. Alisema hajapata mwalimu mkali kama mimi.

Nahisi kuna mahali nimekosea hesabu.

Jumatatu, 12 Machi

Niandike upesi kabla ya kuzimia.

Saa mbili asubuhi matari yako mlangoni. Mji mzima umekuja kumchukua mkalimani wao! Mzee Shee yuko mbele na bakora yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akasema leo naona ofisi imefunguliwa. Nikachukuliwa mpaka ufukweni.

Mjapani akashuka, kofia na miwani. Marobota yake yamerundikwa mchangani. Manilal akanitoa mbele mwenyewe. Mjapani akainama, akasema maneno mengi mno. Sikulijua hata neno moja. Mzee Shee ananitazama. Nikafumba macho, nikapiga kelele neno lile nililokuwa nalo:

“Mizu ni nurasu na!”

Mjapani akashtuka. Akatazama marobota. Akatazama juu, na kweli, kusini wingu lilikuwa jeusi tititi, sote tulikuwa hatulioni kwa matari. Akapaza sauti, akaonyesha kwa mikono, wapagazi wakabeba mbio. Robota la mwisho linaingia ghalani, mvua hiyo! Watu wakanishangilia! Mjapani akaniinamia mpaka kiunoni!

Ningekufa dakika ile ningekufa mtu mkubwa. Lakini akasema tena, safari hii kwa upole, anauliza jambo. Nikamwambia kisitiwe maji. Akauliza lingine. Nikamwambia kisitiwe maji. Akavitazama viatu vyake, vimelowa. Manilal amejiziba mdomo kwa kilemba. Ndipo mtu mmoja mwenye matope magotini akasogea, akainama, akajibu. Taratibu, neno baada ya neno, mpaka Mjapani akacheka kwa raha. Kahonzi!

Mwanafunzi wangu mwenyewe.

Jumatano, 14 Machi

Kahonzi ndiye mkalimani. Koti jeusi linampwaya.

Nami nimepewa kazi! Mjapani amesema mtu anayechukia maji kiasi kile asiachwe. Mimi ni mlinzi wa marobota ghalani: nikague dari, nitafute panapovuja. Na nimepewa mwavuli. Kumbe mwavuli ulikuwa wangu tangu awali.

Mzee Shee ameondoka leo bila binti. Nimemshukuru Mungu mpaka machozi. Mwanamize amenicheka. Amesema baba yake alijua tangu siku ya posa kwamba mimi si mkalimani wa lugha yoyote. Alinikubali kwa sababu nilimwandikia mjane mmoja wa Mambrui barua ndefu, nikalia naye, nikasahau kudai ujira. Na alikuja siku ya meli kutuletea samaki tu.

Nimeyawaza sana maneno haya. Nimeelewa. Mzee ni muungwana, anaficha tamaa yake. Anataka mkwe wa cheo cha juu zaidi.

Na njia ipo! Manilal amefungua daraja la pili, Kahonzi ndiye khalifa. Kitabu cha Pili kina kurasa tisini. Nimekifunua. Nimeuona ukurasa wa kwanza. Nimekifunga.

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Nimekwisha kuwaambia wapiga matari: Ijumaa hii, baada ya sala, nahitimu. Imebaki nyama tu. Beberu ananitazama.