Kipindi cha Kuimba cha Saa Nne

Jumatatu, 4 Machi

Wewe uliyeokota daftari hili, lifunge. Kama umeshindwa kulifunga, soma huku umefumba mdomo, na usimwambie mtu: si mkuu wa taaluma, si mlinzi wa getini, wala dada yangu. Hasa dada yangu. Mimi ni karani wa mtaala katika shule ya kimataifa, chekechea hadi sekondari. Nina miezi saba kazini na bado niko kwenye majaribio. Nikifukuzwa, sijui sura yangu nitaificha wapi.

Kazi yangu ni kuchapa mtaala. Situngi, sipangi, sishauri. Nachapa, natoa nakala, nabana kwa stepla. Leo nimefika ukurasa wa tisa, nikaacha kuchapa. Kipindi cha Kuimba cha chekechea kimekatwa kwa kalamu nyekundu. Pembeni mkuu wa taaluma ameandika: Utangulizi wa Kompyuta.

Chekechea! Watoto ambao bado wanakula gundi!

Ofisi yangu zamani ilikuwa chumba cha kulala cha watoto hao. Kinachonitenga na darasa lao ni ukuta wa mbao nyembamba. Kila siku saa nne asubuhi mwalimu wa kuimba anaanza, sauti moja peke yake, kisha watoto ishirini wanamfuata, kila mmoja na njia yake, kama mbuzi waliofunguliwa zizini. Meza yangu nimeisogeza mpaka imegusa mbao. Nilimwambia mkuu ni kwa ajili ya mwanga. Dirisha liko upande wa pili.

Hapa shuleni mwalimu asiye na kipindi hana kiti. Kipindi kikifa, muhula ukiisha naye ataondoka. Lazima nifanye kitu.

Jumanne, 5 Machi

Kuhusu yeye, niandike ukweli. Siku yangu ya kwanza kazini nilikutana naye mlangoni pa chekechea, hofu ikanishika, nikamwamkia shikamoo. Binti wa rika langu! Akaitikia marahaba bila kutabasamu, akaniuliza kama nimekula. Tangu siku hiyo ananiita mwanangu. Watoto wa chekechea wamesikia, wananiita kaka. Ningependa kulirekebisha jambo hili, lakini miezi saba imepita, na kila asubuhi mdomo unatoa shikamoo ile ile.

Hila ya kwanza: nimejifanya sikuuona wino mwekundu. Nimechapa Kuimba kama kilivyokuwa. Kosa la macho, nani hana?

Saa nane mkuu wa taaluma akaja na ukurasa wa tisa mkononi. Ni mama mpole, hapandishi sauti, ndiyo maana anatisha. Akaniuliza kama nahitaji miwani. Nikasema ndiyo. Keshokutwa nakwenda kupimwa macho.

Alhamisi, 7 Machi

Macho yangu ni mazima. Daktari ameandika hivyo kwenye cheti. Nimekificha ndani ya faili la vipimo vya sare.

Dada yangu amenikuta napiga pasi shati la pili kwa siku moja. Akauliza kama siku hizi mitaala inakaguliwa kola. Nikamwambia ni mambo ya kazi. Akauliza kazi yenyewe ina sauti nzuri au ina sura tu. (Nani kamwambia kuhusu sauti?) Kisha akakaa kitandani, akasema kwa upole:

“Mdogo wangu, mapenzi ni kikohozi. Mwambie tu.”

Mwambie tu! Watu wasiofanya kazi ofisini wanaona kila kitu ni rahisi.

Hila ya pili. Kamati ya mtaala inakaa kesho. Nimewaza: Kuimba unaweza kukifuta, michezo unaweza kuipunguza, lakini nani atathubutu kugusa Hesabu? Basi nimefungua Hesabu ya chekechea, nikaongeza mstari mmoja: “Mtoto ataimba idadi, kujumlisha na kutoa, kila siku saa nne, akiongozwa na mwalimu mwenye sauti.” Nimeusoma mara kumi na moja. Unafanana na mistari mingine kabisa. Nikibana nakala, stepla imenibana kidole.

Ijumaa, 8 Machi

Kamatini. Mimi kwenye kona, naandika kumbukumbu.

Adui yupo. Ni mwalimu wa hesabu wa sekondari, mrefu, chaki mfukoni mwa shati, wanafunzi wanamwita Kipeo. Mwaka huu ameandika barua tatu kulalamikia kelele za chekechea, na yeye anafundisha ng’ambo ya uwanja wa mpira! Kalamu yake ikasimama juu ya mstari wangu. Akauliza nani ameuandika huu.

Nikaitazama feni kwa makini.

Mwalimu wa msingi akadhani ni wa mkuu, akausifu. Mkuu akadhani ni wa mwalimu wa msingi, akaona aibu kuuliza. Kipeo alipoona wote wanatikisa kichwa, naye akatikisa chake. Umepita! Mwalimu anabaki! Kumbukumbu zangu za ukurasa ule hazisomeki, herufi zote zinarukaruka.

Jumatatu, 11 Machi

Saa nne. Moja na moja ni mbili, kwa sauti yake. Nimeweka sikio kwenye ubao wa ukuta mpaka alama ya msumari imebaki shavuni. Sijawahi kuzipenda hesabu. Alipofika nne toa tatu nilitaka kulia.

Tukakutana koridoni. Akasema Mungu hamtupi mja wake, kipindi chake kimenusurika, hajui nani kamtetea. Nilitaka kusema ni mimi. Nikasema shikamoo.

Mchana, pigo. Mkuu kaniita. Amekumbuka kanuni ya mwendelezo, na mimi niliyeichapa kwa mikono yangu nilikuwa nimeisahau: stadi yoyote inayoanza chekechea lazima ipande ngazi, darasa kwa darasa, hadi kidato cha mwisho. Hakuna stadi inayoachwa inaning’inia. Kwa hiyo kuimba hesabu kunapanda. Msingi wataimba majedwali na sehemu. Sekondari wataimba milinganyo.

Nimechapa mstari wangu mwenyewe mara kumi na tatu.

Jumatano, 13 Machi

Leo wamefanya majaribio. Kipeo amesimama mbele ya kidato cha nne, akatafuta thamani ya x kwa wimbo. Wanasema sauti yake ni ya mlango wa ghala. Wanafunzi walifurahi kupita kiasi. Hata watoro walikuwepo.

Akaja ofisini akitoka jasho. Nikainama chini ya meza kutafuta pini. Mkuu alikuwa hapo, nikasikia yote. Kipeo alisema tangu azaliwe hajaimba, hata bafuni huoga kimya. Mtaala unasema mwalimu mwenye sauti. Yeye sauti ataipata wapi?

Mkuu akafikiri, akasema shule nzima mwenye sauti ni mmoja. Atahamia jengo la sekondari, awafundishe walimu wenzake. Kuanzia keshokutwa. Chekechea watawekewa redio.

Maneno yangu mwenyewe! Nimekaa chini ya meza mpaka wote wakaondoka. Pini sikuiona.

Ijumaa, 15 Machi

Amekuja kuaga. Boksi mikononi, limejaa njuga na vitabu vya picha. Akasimama mlangoni pangu kwa mara ya kwanza, akaangalia meza iliyobanwa ukutani, akaangalia dirisha, akaangalia tena meza. Kisha akasema:

“Mwanangu, wananiambia aliyenitetea yumo humu ofisini. Unamjua?”

Ofisi hii ina mtu mmoja.

“Nitaulizia,” nikasema.

Akanitazama muda mrefu kuliko inavyotakiwa kumtazama karani.

“Ukimpata, mwambie ningependa kumshukuru mwenyewe. Kwa chai. Lakini aje yeye.”

Nikamwambia nitaufikisha ujumbe. Nimeuandika kwenye kitabu cha ujumbe, na saa.

Katikati ya uwanja Kipeo akamfuata, akampokea boksi. Wakawa wanacheka. Kipeo, kucheka! Baadaye upepo ukaleta sauti mbili, moja ya mlango wa ghala, nyingine ile ninayoijua. Ukutani kwangu redio ilikuwa inahesabu peke yake. Watoto hawakuifuata. Mmoja aliuliza amekwenda wapi.

Jumatatu, 18 Machi

Dada amesema uwanja wenyewe ni hatua mia mbili, nivuke, ninywe chai. Nimemwambia haelewi utawala.

Hila ya tatu haina tundu. Ukurasa wa mia moja sitini na tatu, Sayansi ya sekondari, nimeongeza mstari: “Karani wa mtaala atakaa katika jengo la sekondari, chumba cha jirani na mafunzo ya sauti, ili kupima mwangwi.” Kamati inakaa Ijumaa. Kuhusu ile kanuni ya mwendelezo sina hofu, kwa sababu inapanda tu, haishuki. Maelezo yake ya ukurasa wa pili sijayasoma, lakini mtu hawezi kusoma kila anachokichapa.

Na ikiwa uliyeshika daftari hili ni wewe mwenyewe, mwalimu, basi usipige simu ya ofisi, mkuu ndiye anayeipokea. Usitume ujumbe kwa Kipeo. Chukua fomu ya kijani ya kuomba nakala, ziko kwenye ubao wa matangazo wa sekondari. Omba ukurasa wowote, nitaelewa ni ile chai. Usiweke jina, mwandiko wako naujua. Itumbukize kwenye trei ya Marekebisho, mlangoni kwangu, upande wa kushoto. Fomu za kawaida hujibiwa ndani ya siku tatu. Yako nitaijibu kabla hujafika nusu ya uwanja.