Mashine Iliyonichongea kwa Daktari

Jumatatu, tarehe 4

Nimefungwa mashine ya kusikiliza moyo, siku mbili. Nyaya tano kifuani, kiboksi kiunoni. Mizani iliposoma kilo mia na kumi na nane nilimwambia muuguzi ni viatu. Nilikuwa peku.

Daktari anataka nipige pasi nguo za wateja kama kawaida, na kila saa niandike kwenye fomu ninafanya nini. Kitindamimba wangu anakwenda chuoni Jumapili. Amesema majibu yakiwa mabaya haendi, atabaki kuniuguza. Binti wa kwanza kufika chuo katika ukoo wetu! Haiwezekani.

Mbinu ninayo.

Jumanne, tarehe 5

Nimelala chali kutwa. Moyo usiochoka utaruka kwa nini? Pasi kapiga binti, nimemwambia nyaya zinaniwasha. Fomuni nimeandika: saa nne, mashati kumi na mawili. Saa nane, kupanda ngazi mara tatu. Mwandiko mbovu, lakini uongo unasomeka.

Alhamisi, tarehe 7

Sina pa kuficha uso. Daktari kaisoma fomu kwa sauti, binti yupo. Kauliza nimepandaje ngazi moyo usijue. Binti kasema mashati yale alipiga yeye.

Kumbe moyo umevurugika nikiwa nimelala! Daktari kanieleza taratibu: moyo una umeme wake, ndio unaoupa mwendo. Unene umetanua vyumba vyake vya juu, mafuta yameuzunguka, umeme unapotea njia. Kisha kamuuliza binti, si mimi, kama ninakoroma. Kajibu ninakoroma mpaka pumzi inakatika. Hapo ndipo moyo unapozidi kuvurugika, kasema daktari. Ukiachwa hivyo damu huganda, mtu akapooza. Nimeandikiwa vidonge, kutembea na kupungua.

Tulipofika mlangoni binti kasema, "Mama, ungenifia huku fomu yako nzuri."

Nimelia jikoni. Nimesingizia vitunguu.

Jumamosi, tarehe 9

Anakwenda! Ila kwa sharti: baada ya miezi mitatu nifungwe tena mashine, majibu atumiwe yeye. Yakiwa mabaya anarudi. Nimeapa sidanganyi tena. Nimemeza kidonge mbele yake, nimetembea hadi mwisho wa mtaa. Kanikumbatia, nikaona haya.

Mchana wifi yangu kaja kumuaga. Mwembamba kama mpini wa ufagio. Nimemkaribisha kuliko miaka yote, nikamuuliza kama baada ya miezi mitatu atakuwa na nafasi, siku mbili tu.

Kifua kile, umeme utapotelea wapi?