Daraja Lisiloshika Kutu

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Ndugu Makamu wa Mwenyekiti, Ndugu Kaimu wa Makamu ambaye naambiwa bado yuko njiani, waheshimiwa wachungaji, mapadri, masheikh, mastekiholda wote wa maendeleo, pamoja na mwenye kiti hiki nilichoazimwa, kamwene! (Watu wanatazamana.) Samahani, hiyo ni salamu ya kwetu Iringa. Kwa salamu ya hapa kwenu, mwagonile! (Minong'ono.)

Mimi, Anord Kalinga, Mratibu wa Miundombinu, nimekuja kutoa taarifa ya utekelezaji wa daraja letu la chuma, mradi ambao niliubuni mimi, nikauzindua mimi, na kwa unyenyekevu mkubwa nikajipongeza mimi. (Vigelegele vya mtu mmoja, mke wake.)

Ndugu zangu, adui wa chuma ni kutu. Katika semina elekezi kule Iringa, wataalamu walitufafanulia kwamba kutu hupenda kuanzia kwenye maungio, pale bolti inapobana bamba na unyevu ukajificha. Kwa mamlaka niliyonayo nikaelekeza daraja lisiwe na maungio. (Makofi.) Fundi Liberatus akauliza litashikanaje. Nikamwambia asiwe mpinga maendeleo.

Lakini baada ya chai wataalamu wakatuonyesha kwa hadubini kwamba hata chuma kizima kimejaa punje ndogo ndogo zilizobanana, na baina ya punje na punje kuna mpaka, na oksijeni hupenya humo kama mbuzi anayepita kwenye mpaka wa mashamba, huku na huku anatafuna. Sasa maungio nimeyafuta. Mipaka ya punje nitaifutaje? (Sauti: "Pakeni rangi!") Rangi nayo, mama, pale inapokutana na chuma ni mpaka mwingine.

Ndipo, kwa ujasiri wa kiutendaji, nikafanya maamuzi magumu: tukaondoa chuma. (Kicheko.) Msicheke, takwimu hazicheki. Tangu uzinduzi, kutu kwenye daraja letu ni asilimia sifuri.

(Bibi Damari anasimama na fimbo yake: "Sasa mwanangu, dawa zangu za presha ziko zahanati, ng'ambo huko. Zimeisha tangu juzi. Navukaje?")

Swali zuri sana, bibi, tumelipokea. Naomba presha isipande kabla mchakato haujakamilika.

Kutu? (Sifuri!) Maungio? (Sifuri!) Daraja? (Sifuri!)

Nawashukuru kwa mwitikio huo. Shukrani za pekee kwa ndugu yetu Isakwisa, aliyenivusha mtoni mgongoni asubuhi bila kiatu changu kulowa, na atakayenirudisha sasa hivi kwenye gari langu ng'ambo. Isakwisa, chuchumaa nipande. (Isakwisa anachuchumaa. Anapanda Bibi Damari, na wote wawili wanaingia mtoni.) Isakwisa, rudi basi. Itifaki, ndugu yangu. Itifaki.