Emrys Hatimizi Ishirini

Jumatatu, 3 Machi

Mvua. Mlima hauonekani. Afadhali, na mimi leo sitaki kuonekana.

Alhamisi mwanangu Emrys anatimiza miaka ishirini. Siku hiyohiyo serikali inakata pesa ya mtoto, pamoja na ile nyongeza ninayopewa kwa sababu hawezi kutembea. Yuko chuoni bado? Haiwahusu. Ishirini ni mtu mzima, basi! Kwani miguu itaota Alhamisi asubuhi?

Nimewaza tangu chai ya kwanza. Nimepata! Siku ya kuzaliwa isiposherehekewa, nani atajua? Hakuna keki. Hakuna mishumaa. Hakuna kadi dirishani. Hapa bondeni kwetu mtu akipiga chafya, kanisa zima linamwombea. Majirani wasipojua, ofisi itajulia wapi?

Nimemweleza Emrys. Maneno yake hutoka polepole, ulimi haumtii, lakini yakishatoka yanachoma. Akasema, serikali ilijua siku ile ile ulipokwenda kuniandikisha nilipozaliwa, Mam. Nikamwambia hiyo ilikuwa zamani, na yule karani alishastaafu.

Jumanne, 4 Machi

Jumanne ya chapati za maji, kama desturi yetu, maana kesho Kwaresima. Mpango safi! Nimshibishe chapati za limau na sukari, keki asiikumbuke. Ya kwanza ikagandia kikaango. Ya pili niliirusha kuigeuza, ikagandia dari. Emrys alicheka mpaka kiti cha magurudumu kikarudi nyuma chenyewe. Kwa muda ule nilisahau shida zote.

Mara akaingia wifi Meinir, dada wa marehemu mume wangu. Habishi hodi, mdomo wake ndio hodi. Akauliza Alhamisi tunafanya nini. Nikasema hatufanyi kitu, mtoto anatimiza kumi na tisa tu. Akasema kumi na tisa si ilikuwa mwaka jana, na yeye ndiye aliyeleta keki? Nikamwambia wifi, uzee huo unakuchezea. Akanuna. Akanuna huku anakula, chapati nne. Mlangoni akanigeukia akaniambia haya, mama wa kumi na tisa, tutaonana Alhamisi. Akaondoka anacheka peke yake.

Kicheko kile sikukipenda.

Emrys hakumaliza chapati zake.

Jumatano, 5 Machi

Nimesema kumi na tisa kila mahali. Duka la dawa. Duka la chipsi. Mke wa mchungaji. Jikoni nimekariri mwaka mpya wa Emrys wa kuzaliwa, huku nakwangua dari. Sasa hata mimi naamini. Ukiniamsha usingizini, nitasema kumi na tisa!

Emrys kaniuliza tena kama kweli hakuna kitu kesho. Nikamwambia mwanangu, tunafanya haya kwa ajili yako. Akasema yeye anasomea utangazaji wa redio, na mtangazaji huanza kwa kutaja tarehe ya kweli. Chuoni walimwambia sauti yake itawachosha wasikilizaji. Akawajibu watasubiri, wana haraka ya kwenda wapi? Huyo ndiye mwanangu. Na chuo hicho ndicho ninachokipigania, si keki.

Alhamisi, 6 Machi

Mungu wangu!

Kwetu mtu akitimiza umri wa maana, jamaa zake humchapishia bango la plastiki, wakatia na picha yake ya utotoni, ile ya aibu kuliko zote, wakalifunga kwenye vyuma vya daraja. Leo nimeamka nasikia honi. Nimekwenda darajani kwa kandambili. Yupo Emrys wangu, mkubwa kama mlango wa gereji, uchi kwenye beseni, povu kichwani. EMRYS 20 LEO! PIGA HONI! Na kila gari linapiga. Hadi gari la takataka.

Meinir!

Nilikuwa na mkasi wa kucha tu. Nikakata kamba moja moja. Kamba ya mwisho ilipoachia, upepo ukanivisha bango zima kama kanzu. Nimerudi nyumbani na beseni tumboni. Mke wa mchungaji akapita na gari lake, akanipigia honi mara mbili.

Nimelisukuma bango nyuma ya kochi, nikaenda kwa Meinir kumpa yake. Nikamwita msaliti, nyoka, mla chapati za watu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu, maana Meinir hasikilizi. Akasema, pole wifi, mimi nilifunga kamba tu. Aliyeagiza ni Emrys. Amelipa kwa akiba yake. Hata picha ya beseni kachagua mwenyewe. Alitaka teksi ya bure inayompeleka chuoni impitishe pale asubuhi, asikie honi.

Teksi ilipita. Daraja lilikuwa tupu.

Leo siandiki zaidi.

Ijumaa, 7 Machi

Pesa imekatwa. Ofisi ilijua tangu mwanzo! Wanasema sasa Emrys aombe msaada kwa jina lake, na wanataka kuongea naye, si na mimi.

Kuongea kwenyewe ni kwa simu. Huko watamkatia kabla hajamaliza jina. Nikangoja aende bafuni. Nikapiga mimi, kwa sauti nzito, ya kidume. Yule mama wa ofisini ana adabu, ananiita bwana. Nikajiona mjanja. Akauliza tarehe ya kuzaliwa. Nikaitaja bila kusita.

Ile niliyoikariri!

Akauliza tena. Nikarudia, kwa kujiamini zaidi. Akasema asante bwana, ombi lako tumelifunga kwa usalama wako, ufike mwenyewe na kitambulisho.

Nageuka, Emrys huyo mlangoni. Akasema sauti yangu ni ya mbuzi mwenye mafua. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumatatu, 10 Machi

Ofisini. Kijana mwenye tai, bwana Pugh. Ananiuliza mimi kama Emrys anaelewa. Ananiuliza mimi kama Emrys atakunywa maji. Emrys akasema, niulize mimi. Maneno mawili tu, yalichukua muda, foleni nzima ikageuka. Nikafungua mdomo kumsaidia. Akaweka mkono wake juu ya wangu. Nikaufunga mdomo.

Akataja tarehe yake mwenyewe. Ya kweli. Ishirini.

Bwana Pugh akasema pesa yangu imekwisha, hairudi. Ya Emrys huenda ikaja, huenda isije, kwa kuwa anasoma. Akiacha masomo mambo yatakuwa mepesi. Emrys akasema haachi. Basi tusubiri majuma kadhaa. Halafu, kama mtu aliyekumbuka mwavuli wake, bwana Pugh akaongeza kwamba teksi ya chuo ni ya watoto. Pasaka mwisho.

Basi linapita mtaa wa chini, lakini peke yake hawezi kupanda. Lazima niende naye na kurudi naye, kila siku. Yeye ana kadi ya bure. Mimi nalipa. Kwa kipi? Nyumbani nimezima hita, tumejifunika blanketi.

Nikalitoa bango nyuma ya kochi, nikalitundika juu ya televisheni. Povu limekunjamana. Sikujua la kusema. Nikasimama mbele ya Emrys nikapiga honi kwa mdomo. Piii! Piii!

Kisha akasema, mbuzi amepona mafua.

Nikaenda jikoni kulia. Kwa kisingizio cha vitunguu.

Jumatano, 12 Machi

Nimepata!

Nimeamka na wazo zima, kama limeletwa na muuza maziwa. Kwetu mtu akifika sitini, mabasi ni bure. Mimi nina hamsini na saba. Nani atajua? Miaka mitatu ni nini kwa mtu aliyelala baridi? Nimeanza kukariri. Nimesema sitini duka la dawa. Nimesema sitini duka la chipsi. Hawakushangaa hata kidogo, jambo ambalo limeniuma.

Nimemwomba msamaha wifi Meinir, nikamwagiza bango langu mwenyewe. GLENYS 60 LEO! PIGA HONI! Na ile picha yangu ya shule, isiyo na meno ya mbele. Ofisi ya mabasi wakitaka ushahidi, uko darajani, waende wakasome.

Emrys kaniuliza, wakitaka tarehe ya kuzaliwa je, Mam?

Nimemwambia asijali. Karani aliyeniandikisha mimi hakustaafu tu. Huyo alishazikwa.